Ushahidi wa ufufuo: tunapimia kwa kiwango gani?

Karani_Milimani (mleta uzi)

Wadau, salamu. Uzi ni mrefu, asiye na subira aruke moja kwa moja hadi kwenye maoni.

Pale bustani ya Jeevanjee, Nairobi, saa saba mchana watu wakitoka maofisini, hakosi mhubiri na hakosi mpinzani wake. Mhubiri atasema ufufuo wa Yesu umethibitishwa kuliko jambo lolote la kale. Mpinzani atajibu kwamba hakuna hata chembe ya ushahidi. Wote wawili wanatia chumvi, na hakuna kati yao anayesema kwanza anapimia kwa kiwango gani. Mimi si mwanatheolojia. Ni karani katika ofisi ya mawakili, na Jumapili niko kanisani kama wengi wenu. Ila kazi ya kupeleka mafaili kwenye mahakama za Milimani imenionyesha kwamba ushahidi uleule unaweza kushinda kesi moja na kuangusha nyingine, kulingana na jambo linalotakiwa kuthibitishwa.

Kwetu viwango vinajulikana. Jinai ni bila tashwishi. Madai ni mizani tu ielemee upande wako. Halafu mwaka 2013, katika kesi ya Raila dhidi ya tume ya uchaguzi, IEBC, Mahakama ya Juu ikasema kesi ya urais ina kiwango chake cha katikati: juu ya mizani ya kawaida, chini ya bila tashwishi. Mwaka 2017 walishikilia kiwango hichohicho na tarehe 1 Septemba uchaguzi ukafutwa, majaji wanne dhidi ya wawili. Majaji sita, karatasi zilezile, na bado wakagawanyika. Anayedhani ushahidi hujisemea wenyewe aikumbuke siku hiyo.

Na mzigo je? Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi: anayedai ndiye anayethibitisha. Kwa hiyo Mkristo asimwambie mwenzake "haya, thibitisha kwamba hakufufuka". Lakini naye anayesema Yesu hakuwahi kuishi ameleta dai, alibebe mwenyewe.

Tuanze na hilo la kuishi, maana halina ugumu. Paulo, kwenye Wagalatia 1, anasema alikaa na Kefa (yaani Petro) siku kumi na tano, akamwona pia Yakobo, ndugu yake Bwana. Ukishakutana na ndugu ya mtu, ni shida kudai mtu huyo ni wa kubuni. Yosefo, mwanahistoria Myahudi, akiandika mwaka 93 hivi, anamtaja Yakobo huyohuyo alivyouawa, na anamtambulisha kwa jina la ndugu yake. (Yosefo ana aya nyingine ndefu zaidi kuhusu Yesu, lakini ile imeguswa na mikono ya Wakristo walioinakili, mimi siitegemei.) Tasito, Mrumi asiyewapenda Wakristo hata kidogo, akiandika karibu mwaka 116, anasema mwanzilishi wao aliuawa chini ya Pontio Pilato. Bart Ehrman, msomi wa Agano Jipya ambaye aliiacha imani, alitoa kitabu kizima mwaka 2012 kuwapinga wanaosema Yesu ni hekaya tupu. Kwa mizani ya kawaida ya historia, jambo hilo limekwisha.

Hatua ya pili: wafuasi wake walisadiki mapema kwamba wamemwona akiwa hai. Hapa watu hukimbilia Injili, mimi nakimbilia 1 Wakorintho 15. Barua hiyo ni ya miaka ya 53 hadi 55 hivi, wakati Injili ya Marko wasomi wengi huiweka karibu mwaka 70 na Yohana mwishoni mwa karne. Tena Paulo anasema aliwapa yale aliyoyapokea: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akamtokea Kefa, kisha wale Thenashara. Wasomi wengi, waamini na wasioamini, wanakubali kwamba maneno hayo ni ya kale kuliko barua yenyewe, na wengi huyaweka ndani ya miaka michache tu baada ya kusulubiwa, mwaka 30 au 33. Kwa jambo la kale huo ni ukaribu wa ajabu. Nayo nasema imepita.

Hatua ya tatu ndiyo inayotugombanisha: Mungu alimfufua. Watetezi wetu wa siku hizi hukusanya mambo yanayokubalika (alisulubiwa, wafuasi wakasadiki wamemwona, Paulo mtesaji akageuka) kisha husema maelezo bora ya yote hayo ni ufufuo. Kwa lugha ya mahakama huo ni ushahidi wa mazingira. Na kuhusu ushahidi wa mazingira, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema mwaka 1949, kesi ya Kipkerring arap Koske, na bado inatajwa Milimani hadi leo: huwezi kumtia mtu hatiani mpaka mambo yote kwa pamoja yasiwe na maelezo mengine yoyote ya maana. Jiulize kwa ukweli kama ufufuo unafika hapo. Kuna pia kesi ya Abdalla bin Wendo ya 1953, inayotaka ushahidi wa shahidi mmoja aliyemtambua mtu katika mazingira magumu uchunguzwe kwa tahadhari kubwa. Sasa soma Yohana 20: alfajiri, mwanamke analia, anadhani anaongea na mtunza bustani. Soma Luka 24: wawili wanatembea naye njia nzima wasimtambue. Wakili wa utetezi angefurahi sana na mashahidi hao.

Kwa hiyo mimi mwenyewe naamini ufufuo, lakini sisemi umethibitishwa bila tashwishi. Kwenye mizani ya kawaida naona unasimama, kwa mtu ambaye tayari anakubali Mungu yuko. Kwa asiyekubali, najua mizani yake inaanza ikiwa imeinama, na kumtukana hakutaisawazisha.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia. Kipimo tukitumie pia kwetu. Wengi wetu tumelelewa na utabiri wa Mugo wa Kibiru, kwamba watakuja watu wa rangi ya ngozi ya chura na nyoka wa chuma atakayetoka pwani. Kenyatta aliusimulia katika kitabu chake cha 1938. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Utabiri unaoandikwa takriban miaka arobaini baada ya kutimia unathibitisha nini? Sisemi Mugo hakusema. Nasema anayeukataa wa Mugo kwa sababu hiyo asije akauleta wa Marko 13 juu ya kuvunjwa kwa hekalu la Yerusalemu, lililovunjwa mwaka 70, kama kwamba tarehe si kitu. Na Kawangware je? Juni 1988, gazeti la Kenya Times lilichapisha habari pamoja na picha ya mtu aliyevaa kanzu nyeupe, aliyetokea kwenye mkutano wa maombi wa Mary Akatsa, na umati ukamwita Yesu. Habari ya mwezi uleule, picha ipo, mashahidi tele. Ni wangapi humu wanaamini?

Karibuni.

Mtu_wa_Kayole

Nimesoma nikiwa kwa jam ya Outering. Nimemaliza na gari halijasonga.

Mhandisi_Embakasi

Mleta uzi, heshima yako. Angalau wewe huwatishi watu moto. Lakini umemwachia mhubiri wako mlango wa nyuma pale uliposema "kwenye mizani ya kawaida unasimama".

Kiwango hupanda na uzito wa dai. Ukiniambia jana ulikula githeri, nakuamini kwa neno lako tu. Ukiniambia ulikula githeri na babu yako aliyezikwa, neno lako halitoshi, hata uwe mwaminifu kiasi gani, maana kukosea kwako kuna uwezekano mkubwa kuliko kufufuka kwa babu. Mwanafalsafa David Hume alishasema hivyo mwaka 1748 na sijaona aliyemjibu vizuri.

Halafu ile hoja ya wanawake, kwamba wasingebuniwa kuwa mashahidi wa kwanza kwa sababu ushuhuda wao haukuthaminiwa siku zile, nimeisikia mara nyingi na naona unaielekea. Kushughulikia maiti ilikuwa kazi ya wanawake. Ukitaka kutunga hadithi ya kaburi asubuhi, utamtuma nani? Tena orodha ya Paulo unayoipenda haiwataji kabisa.

Na Mathayo 27 je, watakatifu waliotoka makaburini wakaingia mjini wakaonekana na wengi? Hakuna mwingine aliyeandika hilo, si Marko, si Luka, si Yosefo. Mike Licona, mtetezi wa ufufuo, alipodokeza katika kitabu chake cha 2010 kwamba huenda pale ni lugha ya kishairi, Wakristo wenzake walimshambulia vikali. Hapo ndipo unajua kipimo si ushahidi.

Karani_Milimani

Mhandisi, ya Mathayo 27 siitetei kama historia, na ya wanawake sikuileta makusudi. Nakubali inapunguka nguvu, ingawa haiishi.

Ila Hume tusimpitishe bure. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa Rabai, aliripoti kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro. Mwaka uliofuata mmisionari mwenzake, Krapf, akaiona ya Mlima Kenya. Kule London, Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani za Afrika ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akakataa. Hoja yake ilikuwa ileile: karibu na ikweta hakuna theluji, kila tunachojua kuhusu joto kinapinga, basi macho ya wale wamisionari yamewadanganya. Mizani ya Hume mkononi, na akakosea kwa miaka zaidi ya kumi, mpaka mvumbuzi Mjerumani, von der Decken, alipokwenda kupima mwanzoni mwa miaka ya 1860.

Kwa hiyo "haijawahi kutokea kwa uzoefu wetu" inapaswa kutufanya tuwe wagumu kusadiki. Isitufanye viziwi.

Mhandisi_Embakasi

Mfano mzuri, na umenijibia mwenyewe. Mpaka von der Decken alipokwenda kupima! Theluji ilikuwa pale ikingoja. Hans Meyer akafika kileleni 1889. Mimi na wewe tukipanda basi la Loitokitok tutaiona kwa macho, ile iliyobaki. Rebmann hakuhitaji kuaminiwa milele, alihitaji kuaminiwa mpaka mwingine aende. Wewe unaniomba niamini Rebmann ambaye mlima wake ulionekana mara moja ukaondoka.

Karani_Milimani

Hapo umenibana kweli. Tofauti hiyo ipo. Lakini iko kwa kila tukio la historia: Kaisari kuuawa hakurudiwi ili tuone. Tukikubali tu vinavyoweza kurudiwa, tumefunga idara yote ya historia pale chuo kikuu.

Mhandisi_Embakasi

Kuuawa kwa Kaisari hakurudiwi, lakini kuuawa kwa watawala kunarudiwa kila karne. Ni aina ya jambo tunalolijua.

Ustadh_Eastleigh

Ndugu Karani, assalaam alaikum kwako na kwa wote. Nimependa umesema tujipime sote.

Sisi elimu hii tumeisomea kwa jina la sanad, yaani mnyororo wa wapokezi. Hadithi haipokelewi kwa uzuri wa maneno yake. Unauliza: nani kaisikia kwa nani, walikutana, alikuwa mkweli, kumbukumbu yake ilikuwaje. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, kazi yake kubwa ilikuwa kuchuja. Sasa nikichukua Injili ya Marko na kuuliza sanad yake, napewa nini? Jina la Marko halimo ndani ya maandishi yenyewe. Papia, askofu wa karne ya pili, anasema Marko alikuwa mkalimani wa Petro, lakini maneno ya Papia nayo tunayapata kwa Eusebio, mwanahistoria wa kanisa wa karne ya nne. Askofu Irenayo anayataja majina ya waandishi wote wanne wa Injili karibu mwaka 180. Katikati pana pengo. Kwa kanuni zetu mnyororo umekatika.

Nawe usinielewe vibaya, simkatai Isa, amani iwe juu yake. Nauliza kipimo.

Karani_Milimani

Wa alaikum salaam, Ustadh. Kwa Injili una haki kubwa, na ndiyo maana nilianza kwa Paulo. Pale mnyororo ni mfupi: Paulo, kutoka kwa waliomtangulia, na mwenyewe anaandika alikaa na Kefa na kumwona Yakobo. Jina lipo, kukutana kupo.

Lakini niruhusu nami niulize kwa heshima. Qurani, Sura ya 4, aya ya 157 inakana kusulubiwa. Kwa kipimo cha mwanahistoria hicho ni chanzo cha miaka mia sita baadaye, na Tasito, Yosefo na Paulo wote wako upande wa pili. Unapimaje hapo?

Ustadh_Eastleigh

Swali la haki, nalo jibu lake halina kona. Hapo sipimi kwa historia. Naamini kwa sababu ni wahyi, ufunuo wa Mungu, na wahyi nimeuamini kwa sababu nyingine kabla sijafika kwenye aya hiyo. Mwanahistoria asiye Mwislamu akiniambia ushahidi wake unaelekea kwenye msalaba, sitamwita mwongo. Nitamwambia anasoma alichonacho.

Nami nadhani, ndugu yangu, ufufuo kwako uko mahali hapohapo, ila umeuvalisha koti la wakili.

Mtu_wa_Kayole

Ustadh ameua. Gari bado halijasonga.

Dada_Wakili

Nimekuwa nikisoma kimya. Karani, nakuunga mkono kwa mengi ila mahakama umeitumia nusunusu. Kifungu cha 63 kinataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: aliyeona aje aseme kwamba aliona. Kifungu cha 33 kinaruhusu maneno ya aliyekufa, lakini kwa hali zilizotajwa tu. Wale zaidi ya mia tano wa 1 Wakorintho 15:6, mmoja hatujui jina lake wala mahali alipokuwa. Mahakamani hao si mashahidi mia tano. Ni shahidi mmoja, Paulo, anayesema kuna wengine mia tano.

Upande wa pili nao niseme. Sheria yetu ya ushahidi ilitungwa kwa ajili ya mashahidi walio hai, wanaoweza kula kiapo na kuhojiwa. Ukiipeleka kwa karne ya kwanza itakata kila kitu: Kaisari atakosa shahidi, Hanibali na tembo wake watatupwa nje. Wanahistoria hawafanyi kazi hivyo. Wao huuliza chanzo kilikuwa karibu kiasi gani, kilikuwa na maslahi gani, kuna kingine kisichotegemea hicho kinachosema vivyo hivyo, na je, kimesema jambo linalomwumiza mwenyewe. Kusulubiwa kunashinda hasa kwa hilo la mwisho, kwa sababu hakuna aliyetaka masihi wa kutundikwa. Ila sensa ya Kirenio, ambayo Luka 2 inasema Yesu alizaliwa wakati wake, inaanguka kwa vipimo hivyohivyo: Kirenio alianza kuiongoza Shamu mwaka 6, na Herode, ambaye Mathayo anasema alikuwa hai Yesu akizaliwa, alikufa mwaka wa 4 kabla ya Kristo. Mtu akikuchambulia Tasito kwa bidii kisha akakuruka Kirenio, huyo ni wakili wa upande mmoja, si mwanahistoria.

Mama_Pendo_Umoja

Wanangu, mna akili nyingi, Mungu azibariki. Mimi sikuokoka kwa sababu ya Tasito. Nilikuwa kwenye hali mbaya na nikaombewa, nikabadilika, na mume wangu alikuwa shahidi. Mkimaliza kupima mtaniambia mmepata nini.

Karani_Milimani

Shikamoo mama. Sibishani na lililokutokea. Ila jirani yako Mhindu naye ana ushuhuda wa kubadilika, na Ustadh hapo juu anao waumini waliobadilika. Ushuhuda wako unanionyesha imani yako inafanya kazi ndani yako. Kilichotokea Yerusalemu mwaka 30 haunionyeshi.

Mama_Pendo_Umoja

Marahaba mwanangu. Sikusema unaonyesha. Nilisema mimi nilikuwa nazama.

Konda_wa_46

Kuhusu Kawangware, shangazi yangu aliishi huko 1988 na alikuwepo siku ile. Nimemwuliza mara kadhaa. Aliona nini? Anasema aliona mwanamume mrefu, mweupe wa kanzu, hana viatu, akaongea kidogo, kisha akaondoka. Nani alisema ni Yesu? Watu. Yeye alijuaje? Alisikia wakisema. Ila ukimwuliza leo kwa haraka, atakuambia "nilimwona Yesu". Hadanganyi kabisa. Baadaye akatokea Mskoti, Benjamin Creme, akasema yule si Yesu, ni Maitreya, mwalimu wa ulimwengu. Mtu yuleyule, kanzu ileile, picha ileile, majina mawili.

Kwa hiyo mimi swali langu ni hili: Kefa aliona nini, na aliambiwa nini?

Mhandisi_Embakasi

Konda amesema kwa sentensi moja nilichokuwa nakitafuta tangu jana.

Dada_Wakili

Ni swali zuri, lakini kuna tofauti ya kuangalia. Shangazi hakuwa amemjua mtu yule kabla. Kefa alikuwa ameishi na Yesu. Kumtambua mtu uliyemjua na kumpachika mgeni jina ni mambo mawili, hata majaji huyatenganisha. Tatizo ni kwamba Paulo hatupi maelezo ya alichokiona Kefa, anasema tu alimtokea, na neno hilohilo analitumia kwa yaliyompata yeye mwenyewe, ambaye hakuwahi kumjua Yesu kabla.

Karani_Milimani

Dada, hapo ndipo nimekwama miaka mingi. Sina la kuongeza.

Mhandisi, nikuulize kabla uzi haujazama. Ni ushahidi gani ungekutosha? Si wa leo tu, wowote ule.

Mhandisi_Embakasi

Nikiwa mkweli, wa maandishi hakuna. Hata nikimwona mwenyewe pale Archives saa nane mchana, ningeanza kwa kwenda hospitali kupimwa kichwa.

Karani_Milimani

Basi usiseme ushahidi haukutosha. Sema kesi haikusajiliwa. Ni haki yako, ila ni jambo tofauti na lile unalowaambia watu Jeevanjee.

Mhandisi_Embakasi

Nakubali, nitalisema hivyo. Na wewe? Kesi yako ikishasajiliwa inaweza kushindwa, au kila jibu utalitafutia mlango?

Karani_Milimani

Inaweza. Paulo mwenyewe ameweka shingo yake pale, 1 Wakorintho 15:14: kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwake ni bure. Likipatikana andiko la karne ya kwanza, kutoka Yerusalemu, la wale wa kwanza wenyewe, likionyesha walijua mwili uko wapi huku wakihubiri vingine, naacha. Sitasema ulikuwa ufufuo wa kiroho, wala sitasema ni mtihani wa imani. Najua uwezekano wa kupatikana karatasi hiyo ni mdogo sana, na najua utaniambia nimechagua kipimo nisichoweza kufeli. Ndiyo maana naongeza cha pili kilicho karibu zaidi: wataalamu wakinionyesha kwamba ile orodha ya 1 Wakorintho 15 iliingizwa na mnakili baadaye, na Paulo hakuiandika, ile hatua yangu ya pili inaanguka, na ya tatu haina pa kusimama. Mpaka sasa nakala zote za kale za barua hiyo zenye sura ya 15 wanazozijua zinayo orodha, na ya zamani kati yake, papiro namba 46, inakadiriwa kuwa ya mwaka 200 hivi.

Mhandisi_Embakasi

Papiro 46 naisoma leo usiku. Kesho saa saba, upande wa Moi Avenue. Ustadh naye aje.

Ustadh_Eastleigh

Baada ya adhuhuri, inshallah. Msikiti wa Jamia si mbali na hapo.